Mtu wa Nyumba Hii

Kwa miaka ishirini Mama Pasi hakuunguza hata leso. Mtaa mzima ulilijua hilo, na yeye mwenyewe alihakikisha unalijua. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya jiko, chenye dirisha moja dogo la wavu na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu. Kwenye mkaa zilikaa pasi tatu za chuma, zikipokezana zamu. Alikuwa akilowesha kidole kwa mate, anagusa chuma, anasikiliza mlio wake, basi anajua kama pasi ile inafaa hariri au inafaa shuka. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake kwenye meza ile ile.

Hakulipwa. Tuliseme mapema ili tusidanganyane. Hakulipwa, hakuruhusiwa kutoka bila kuomba, na siku moja alipokuwa msichana, kwa kuchelewa kurudi kisimani, alifungiwa stoo siku mbili bila tone la maji. Alilala chini ya ngazi, mahali ambapo mtu mzima hawezi kusimama wima. Lakini umwite mtumwa? Thubutu! Ungetafuta pa kupitia usipaone.

Maana Mama Pasi alikuwa amewapanga watumwa wa dunia hii kwa madaraja, kama alivyopanga nguo kabatini. Chini kabisa aliwaweka watu wa machimbo ya mawe, walionunuliwa sokoni kwa kufunguliwa midomo na kuhesabiwa meno, kisha wakatiwa minyororo miguuni. Juu yao kidogo walikuwa mateka wa vita, ambao angalau walikuwa na kwao, hata kama kwao kulibaki majivu. Halafu walifuata wale waliowekwa rehani na wazazi wao mwaka wa njaa kwa gunia la nafaka, gunia likaliwa likaisha na mtoto asikombolewe. Wote hao aliwahurumia, lakini kwa mbali, kama mtu anavyomhurumia mgonjwa wa maradhi yasiyoambukiza. Yeye alizaliwa ndani ya nyumba. Alikula chakula cha chungu kimoja na wenye nyumba, ingawa alikula mwisho na alikula ukoko. Bi Mkubwa, mwenye nyumba, alimwita "mwanangu" mbele ya wageni, na neno hilo moja Mama Pasi alilishikilia kwa mikono miwili.

Mumewe alikuwa wa daraja la chini, na hilo lilimkera tangu mwanzo. Alikuwa mchonga mawe, aliyeletwa kutoka machimboni kuja kujenga upya ukuta wa ua. Vifundo vya miguu yake vilikuwa na makovu meusi yaliyomzunguka kama bangili. Bi Mkubwa aliwaacha waishi pamoja kwa sababu alitaka mtoto azaliwe, na alizaliwa, mwaka ule ule ambao Bi Mkubwa mwenyewe alimpata binti yake wa mwisho. Bi Mkubwa hakuwa na maziwa. Basi Mama Pasi akanyonyesha wawili: kwanza binti wa nyumba mpaka ashibe, kisha wa kwake, kwa kilichobaki.

Watoto wale walikuwa bado wanatambaa serikali ilipotangaza kwamba utumwa umekwisha. Umekwisha kwa mdomo, maana wakubwa waliotunga tangazo walikuwa na rafiki zao wenye nyumba kubwa, na rafiki hawaudhiwi. Kwa hiyo wakaweka sharti: mtumwa atakayetaka uhuru aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba yeye ni mtumwa. Asiyesema, basi si mtumwa, na serikali haina habari naye.

Karani alikuja na kitabu kinene, akawekewa meza uani. Mchonga mawe alikuwa wa kwanza. Kabla hata swali halijaisha, alipandisha suruali, akaonyesha vifundo vyake, akasema, "Mtumwa. Andika." Kisha akageuka kumtazama mkewe.

"Na wewe?" karani akauliza.

Mama Pasi alikuwa na mtoto mgongoni na kitambaa cha kushikia pasi mkononi. Bi Mkubwa alisimama kwenye baraza, na majirani walikuwa wamejazana mlangoni kuchungulia. Neno lile lilikuwa tusi. Lilikuwa neno ambalo watoto walirushiana walipogombana, neno lenye uvundo wa machimbo. Aliseme mbele ya watu, yeye ambaye hajawahi kuunguza hata leso?

"Mtumwa mimi? Watumwa wako machimboni," akajibu, na sauti yake ikafika mpaka nje. "Mimi ni mtu wa nyumba hii."

Majirani wakacheka kwa furaha. Bi Mkubwa akashuka barazani, akamkumbatia, akamvua kilemba chake kibovu na kumvika shali yake mwenyewe. Mchonga mawe alimsogelea mkewe. Alimbusu mtoto kisogoni, akatoka na nguo aliyovaa, akangoja upande wa pili wa barabara mpaka jua likakaribia kuzama. Mama Pasi alimwona kupitia dirisha la wavu. Alijua anachongoja, akaendelea kupiga pasi. Alipochungulia tena hakumwona, na hakumwona tena maishani.

Binti wa Mama Pasi akakua. Walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukupumzika: aliongea akifua, akianika, akitafuna. Watoto wa mtaani walipomwimbia "mtumwa, mtumwa" naye akarudi analia, mama yake alimfuta machozi, akamsimamisha juu ya kigoda, akamfundisha.

"Ukiulizwa wewe ni nani, unasema nini?"

"Mimi ni mtu wa nyumba hii."

"Kidevu juu. Kwa sauti."

"Mimi ni mtu wa nyumba hii!"

"Hivyo hivyo. Na anayekuuliza mtazame machoni," mama akamwambia, akitikisa kichwa kumpa moyo.

Walilirudia hilo miaka na miaka, mpaka likawa kama mchezo wao. Chiriku alilisema akiamka, alilisema kwa kuigiza sauti ya Bi Mkubwa, na mama yake alicheka mpaka akashika mbavu. Alifundishwa kupiga pasi pia. Alipofika miaka kumi na saba, mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya mama yake, na mama hakujizuia kumsifu. Alimsifu kwa Mpishi, kwa wachuuzi, kwa Bi Mkubwa mwenyewe. "Mwanangu akinyoosha hariri, inzi hapati pa kukanyaga." Angejua, angejing'ata ulimi ukakatika.

Mwaka huo binti wa nyumba alipata mchumba, mtu wa mji ulio mbali, safari ya siku nne kwa gari la nyumbu. Nyumba ikawa haina utulivu. Shuka zikashonwa, mapazia yakashonwa, masanduku yakapakwa rangi. Asubuhi moja Bi Mkubwa aliingia chumba cha pasi na kitambaa kizito cha kijivu mkononi.

"Shona magauni matatu," alisema. "Pima kwa Chiriku. Ya kudumu, usibane kwapani."

Mama Pasi alipokea kitambaa kwa mikono miwili, akapiga goti. Magauni matatu mapya, kwa mkupuo! Tangu Chiriku azaliwe alikuwa hajavaa nguo isiyotoka mwilini mwa mtu mwingine. Moyo ulimpasuka kwa furaha. Alishona siku mbili bila kuinua kichwa, akatia mshono wa ndani mara mbili, na gauni la kwanza lilipokwisha akalipeleka jikoni kumringia Mpishi.

Mpishi alikuwa mzee mwenye mguu mmoja mfupi, aliyenunuliwa utotoni na kuingizwa nyumba ile kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa na mzaha mmoja tu, kwamba mguu wake mfupi ulikuwa umetangulia kwenda kupumzika, na aliurudia kila siku. Siku hiyo hakuurudia. Aliligeuza gauni upande huu na upande huu, akalirudisha.

"Mangapi?" akauliza.

"Matatu! Na wewe uone kijicho vizuri."

"Ya kijivu?"

"Si unaiona?"

Mpishi akafunika sufuria polepole. "Siku Bi Mkubwa alipoletwa hapa mwari, mimi ndiye niliyemfungulia lango. Alikuwa na masanduku manane. Juu ya sanduku la mwisho amekaa msichana, kavaa gauni la kijivu, na mengine mawili kayapakata. Macho yamemvimba kwa kulia. Msichana yule alikuwa mama yako."

 Mama Pasi alilitazama gauni mkononi mwake, mshono wake mwenyewe, mzuri, wa kudumu. Akakaa kwenye gunia la viazi.

Alimkuta Bi Mkubwa amefika chumba cha pasi kukagua foronya. Alipiga magoti, safari hii bila furaha.

"Bi Mkubwa, nasikia mwanangu anaondoka na bibi harusi."

"Umesikia vizuri."

"Nichukue mimi. Najua kazi kuliko yeye."

"Wewe umechakaa." Bi Mkubwa aliinua foronya, akaitazama kwenye mwanga. "Halafu wamenyonya ziwa moja, si ndugu hao? Ndugu akienda ugenini, nduguye anamsindikiza. Ulitaka binti yangu akakae peke yake kwa watu?"

"Atarudi lini?"

"Ah! Mama yako alirudi?"

"Bi Mkubwa, mimi sina mwingine. Baba yake ameondoka. Sina mwingine."

"Nani alimfukuza baba yake? Mlango ulikuwa wazi siku ile. Ulisema mwenyewe, watu wakasikia, mimi nikakuvika shali yangu."

Kisha Mama Pasi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema, "Sitaki."

Bi Mkubwa hakupaza sauti, na hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliweka foronya mahali pake, akachukua kitambaa, akainua pasi kutoka kwenye mkaa. "Weka mkono mezani, mwanangu," alisema. Na Mama Pasi, kwa mazoea ya maisha yote, akauweka. Chuma kilikaa juu ya mkono wake kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Alijua kwa mlio kwamba ilikuwa pasi ya shuka.

"Bado magauni mawili," Bi Mkubwa akasema, akairudisha pasi kwenye mkaa kwa uangalifu. "Na hayo utashona kwa mkono ule mwingine."

Siku hiyo hiyo Chiriku alihamishiwa ghorofani, chumbani kwa bibi harusi. Alisuguliwa kwa sabuni ya manukato, akachanwa nywele, akalishwa kitumbua kwa mkono wa bibi harusi mwenyewe. Mama Pasi alikatazwa kukanyaga ngazi. Aliisikia sauti ya mwanawe ikichirizika kutoka juu, akicheka, akisimulia, mtoto aliyelala chini ya ngazi maisha yake yote na sasa analala juu ya godoro. Uchungu wa mkono ulikuwa mdogo kuliko ule.

Zilipobaki siku tatu, Bi Mkubwa alipokuwa na mafundi wa mapambo, Mama Pasi alitoka kwa mlango wa takataka bila kuomba. Alitembea mpaka ofisi ya serikali, mkono umefungwa kitambaa, akapanga foleni. Karani alikuwa yule yule, nywele tu zimepungua.

"Shida yako?"

Ofisi ilikuwa imejaa. Nyuma yake alikuwapo muuza samaki aliyemfahamu, na mke wa fundi viatu. Aliinamia meza ya karani. 

"Mimi ni mtumwa," akasema.

"Sema kwa sauti, mama, sisikii."

"Mimi ni mtumwa! Mama yangu alikuwa mtumwa. Mwanangu ni mtumwa, na wanampeleka mbali!"

 Karani akauliza nyumba ipi, akaenda kabatini, akarudi na kitabu kinene, akakipuliza vumbi. Alisoma kwa kidole. "Huyu hapa. Mpiga pasi. Si mtumwa. Mtu wa nyumba. Kwa hiari yake, mbele ya mashahidi." Akainua macho. "Ni wewe?"

"Nilidanganya."

"Ulidanganya serikali?"

"Nilijidanganya mwenyewe."

Karani alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kitabu, na watu wa kitabu wana ukatili wao. "Wewe umekwisha kuandikwa, sifuti. Lakini binti, siku ile alikuwa mgongoni, hakusema kitu. Ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Basi anajijibia. Nitakuja nimuulize pale pale anapoishi, mbele ya watu. Akisema ndiyo, anatoka siku hiyo hiyo, na hakuna wa kumshika. Lakini nisikilize vizuri: asisemewe. Wewe au yeyote akitia neno kabla hajajibu, nafunga kitabu naondoka."

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Karani alikuwa na nafasi siku ya tatu tu, saa nne asubuhi, na gari la nyumbu lilikuwa liondoke saa sita. Mama Pasi alirudi karibu akikimbia. Kilichobaki ni kumfikishia mtoto neno moja. Ndiyo. Neno jepesi hivyo.

Kwenye ngazi alikuwapo mtu wa kulinda. Alijaribu kuimba uani akifua, akalitia neno lile ndani ya wimbo; dirisha la juu likafungwa. Alikwenda kwa Mpishi, ambaye ndiye aliyepandisha sinia za chakula.

"Mwambie tu hivi: karani akimuuliza kama yeye ni mtumwa, aseme ndiyo. Basi."

"Nitamwambia," Mpishi akasema, lakini alikuwa akitazama sakafu.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama Pasi alimkamata mkono mlangoni mwa jiko. "Umemwambia?"

Mzee akaanza kulia. Alilia kama mtoto, kamasi zikimtoka. "Nimepanda mara sita. Nafungua mdomo, halitoki. Mwanangu, mimi wamenihesabu meno sokoni nikiwa na miaka minane. Neno lile ndilo walilolitumia kuninadi. Nimtie mtoto kinywani? Sikuweza. Nisamehe, sikuweza."

Mama Pasi angemkaba koo. Alimwachia tu, kwa sababu lango lilikuwa limegongwa.

Ua ulijaa wageni waliovalia vizuri. Masanduku yalikuwa yamepangwa kando ya gari. Bibi harusi alishuka ngazi, na nyuma yake akashuka Chiriku, katika gauni la kijivu lililomkaa sawasawa, lisilobana kwapani, amepakata mengine mawili. Nywele zimesukwa, uso unang'aa. Alimwona mama yake akapunga mkono. Karani akajitambulisha kwa Bi Mkubwa, akaomba radhi kwa kuingilia shughuli, akasema ni swali moja tu. Bi Mkubwa alimtazama Mama Pasi kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu, akasema, "Muulize. Muulize tu."

Karani akafungua kitabu juu ya sanduku la bibi harusi.

"Binti, serikali inakuuliza, na ujibu mwenyewe bila hofu. Wewe ni mtumwa katika nyumba hii?"

Wageni waligeuka wote. Kuna msichana alicheka chini chini. Chiriku akaona aibu, akatazama huku na huku, na mwishowe akamtazama mama yake. Mama Pasi alikuwa ameuma midomo mpaka damu imetoka. Alitikisa kichwa kukubali, ndiyo, ndiyo, mwanangu, ndiyo. Na mtoto akaona mama anatikisa kichwa kama zamani alivyokuwa akitikisa kumpa moyo alipomsimamisha juu ya kigoda. Aibu ikamtoka. Akainua kidevu, akamtazama karani machoni.

"Mtumwa mimi?" akasema, kwa sauti iliyofika mpaka nje. "Mimi ni mtu wa nyumba hii!"

Wageni walipiga makofi. Kalamu ikakwaruza karatasi.

Hapo ndipo Mama Pasi alipopiga yowe. Alijitupa juu ya kitabu, akamlilia karani afute, aulize tena, mtoto hakuelewa. Karani alikunja uso, akasema kilichoandikwa kimeandikwa. Wanaume wawili walimshika kwapa wakamvuta pembeni. "Uchungu wa mzazi," Bi Mkubwa aliwaambia wageni, akijipangusa jicho. "Ameshindwa kuachana na mtoto, maskini."

Masanduku yakapakiwa. Chiriku alipandishwa juu ya lile la mwisho. Gari lilipoanza kusogea alikuwa amegeuka nyuma, ameshtuka, furaha yote imemtoka, akimtafuta mama yake kati ya watu.

"Mama!" akaita. "Mama, kwani nimejibu vibaya?"

Siku nne za barabara zilikuwa mbele yake, na baada ya hizo maisha mazima. Mama Pasi alijiondoa mikononi mwa wale wanaume, akafuta uso kwa mkono ulioungua, akasimama wima.

"Hapana, mwanangu," akamjibu kwa sauti kubwa, ili asikie vizuri. "Umejibu vizuri sana."